Mgeni wangu nitampeleka Dunda

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipewa siku moja ya kumtembeza mgeni kwenye historia ya nchi yetu, utampeleka wapi? Mimi ni mkazi wa Bagamoyo. Magofu ya Kaole nayapenda, na makumbusho ya Misheni pia, lakini mgeni wangu ataanzia kwenye ngome za askari.

Ngome Kongwe haina shida, kila dereva wa bajaji anaijua. Tajiri Abdallah Suleiman Marhabi aliijenga kama mwaka 1860, Sultani Barghash wa Zanzibar akaiimarisha, Wajerumani wakaweka askari, Waingereza wakaifanya gereza, na ikabaki gereza hadi 1974.

Lakini ninakotaka akae sana ni Dunda, hapa hapa Bagamoyo, kwenye kile kinara cha mviringo ambacho wengi hukipita bila kugeuza shingo. Afisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alikijenga mwaka 1889. Ni kidogo, kuta zake nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko, na ukutani matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Ngome nyingi za pwani tunazozijua zilikodolea macho bahari. Hii ililinda njia ya kutoka bara, maana aliyeogopwa alikuwa mwenye nchi.

Hapo ndipo nitamweleza habari ya 1888. Sultani Khalifa alikuwa ameikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Kampuni ikaja kupandisha bendera yake, watu wa Pangani wakakataa, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Vita vikaenea pwani nzima, hata kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Serikali ya Ujerumani ikaona aibu, ikamtuma Wissmann. Mei 1889 akaivamia boma ya Bushiri hapa karibu na mji wetu.

Jambo moja huniuma kila nikisimama pale. Wengi wa askari wa Wissmann hawakuwa Wazungu. Walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine waliotoka Msumbiji. Mwafrika alilipwa mshahara amlenge Mwafrika mwenzake. Mgeni asipolisikia hilo, atadhani vita vile vilikuwa vya rangi mbili tu.

Naziomba shule zetu za Bagamoyo ziwapeleke watoto Dunda na mwalimu anayevijua vita hivi. Washairi wa pwani walivitungia tenzi wakati ule ule, kwa Kiswahili chetu. Zisomwe pale pale chini ya ukuta, kwa sauti. Jina la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, kila mtoto wa hapa analijua, na mwili wake ulilala hapa usiku mmoja tu mwaka 1874. La Bushiri je?

Mgeni akiwa na siku ya pili, tutapanda gari hadi Pangani. Huko ndiko walikomnyonga, tarehe 15 Desemba 1889.

Msomaji wenu, Bagamoyo