Dada wa saluni, lipa deni la rasta kwanza, mfungo baadaye

Dada mleta uzi, huo mfungo usimamishe kwanza. Umeandika kwamba umeokoka mwezi wa sita na unataka saluni yako imtangaze Kristo. Ukauliza kuhusu spika ya mahubiri, mistari ya kubandika ukutani, fungu la kumi kwa hela inayoingia kidogo kidogo, na marafiki wanaokuvuta baa. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, ukasema deni la yule mama aliyekukopesha rasta utaliona ukimaliza mfungo wako wa siku 21, na wateja ulioahidi kuwasuka wiki hii watasubiri. Niliposoma hapo nikaweka mkasi chini. Njia hiyo nimeipita, najua inatokea wapi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani Makoroboi, Mwanza. Niliokoka 2016 na moto ule wa mwanzo naujua. Juu ya cherehani nilibandika "Yesu ni Bwana", redio ya mahubiri ikilia tangu asubuhi, mteja hajapimwa kiuno kashaulizwa akifa leo ataenda wapi. Mlango wa tatu kutoka kwangu kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, muuza vitenge. Kila akiuza kitambaa alimwelekeza mteja kwangu. Mwaka uliofuata akawa anamuoza binti yake, akanipa magauni 12 ya sare, 15,000 kila moja, nusu akanihesabia mkononi. 90,000. Harusi Jumamosi.

Wiki hiyohiyo tukawa na mkesha wa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Nilimwambia mwalimu wetu wa maombi kwamba nina kazi ya watu. Akanijibu, "Wewe shughulika na mambo ya Mungu, Mungu atashughulika na cherehani yako." Nikapokea. Ulipofika wakati wa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka ukitarajia baraka, akasema toa kile kinachokuuma, nikachomoa 50,000 kwenye ile 90,000. Haikuwa hela yangu. Ilikuwa hela ya zipu, gamu na bitana, hela ya mama wa watu. Hadi leo nikimkumbuka yule mwalimu damu inanichemka, na nasema wazi: ukimfundisha mtu mchanga kiimani kuacha kazi ya watu na kutoa hela ya watu, umemfundisha wizi ukamtajia na jina la Yesu juu yake. Alijua kabisa mimi ni mchanga. Na asubuhi ya Jumamosi si yeye aliyesimama mbele ya mwenye nguo. Yesu mwenyewe aliwakaripia Mafarisayo kwa jambo hilohilo, Marko 7: mtu anasema mali yake ni Korbani, wakfu kwa Mungu, kumbe baba na mama yake anawaacha hivihivi.

Nilirudi barazani Ijumaa usiku. Nilikuwa na kijana wangu wa kupiga pindo na kuweka vifungo, miaka 19, alikuwa ameanza kunifuata kanisani. Kwa kunihurumia alijikatia mwenyewe magauni matano yaliyobaki. Kitenge kilikuwa cha ndege. Ili kubana kitambaa akageuza kipande cha mgongo, basi kifuani ndege wanaruka, mgongoni wote kichwa chini. Kitambaa kingine hakuna. Zipu hakuna, hela hakuna.

Mama alikuja saa kumi na mbili asubuhi, hina mikononi. Akayatazama saba yaliyotundikwa, akachukua mojawapo ya yale matano, limeshikwa kwa bandi tu, mishono ya muda, akaligeuza mbele, nyuma, mbele tena. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mwanangu, tangu Jumatatu sikuja kukuulizia, maana nilijua wewe ni mtu wa dini." Akakunja yale saba akaondoka.

Mabinti watano walikwenda harusini na nguo walizokuwa nazo. Hela ya yale matano na vitambaa vyake niliilipa kwa miezi minne, ikaisha. Lakini yule kijana Jumapili ile hakuja kanisani, na hakuja tena. Baada ya miezi miwili akahamia baraza nyingine. Tukikutana mjini tunasalimiana vizuri, ila nikigusa tu habari za Mungu anatazama saa. Namwombea mpaka leo.

Kwa hiyo nakusihi, dada yangu: muda na hela uliyokwisha kumuahidi mtu si yako tena, huwezi kumtolea Mungu. Mathayo 5:23-24 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka palepale madhabahuni, uende ukapatane naye kwanza, ndipo urudi utoe. Kwanza! Bibi yangu wa Bukoba alikuwa akisimulia uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika hadi kwao Buhaya. Walokole wale, alisema, ulimjua mtu ameokoka pale alipokuja mlangoni kwako kukiri na kurudisha alichokuibia. Watu walianza kuuliza habari za Yesu wakiwa wameshika jembe lao lililorudi. Na katika Matendo 9, Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hatusomi hotuba yake hata moja. Nguo zilikuwa zimekamilika, wajane wamezishika.

Na wale mnaojiandaa kuniita vuguvugu wa imani, naimba besi kwaya kuu na maombi ya Ijumaa nipo, ila magauni ya Jumamosi yanakuwa yamepigwa pasi tangu Alhamisi.

Ya spika na baa wengine watakujibu. Wewe kesho, kabla hujafungua saluni, chukua daftari nenda kwa mama wa rasta. Mwambie kiasi unachodaiwa kabla hajakutajia yeye, mpe ulichonacho hata kama ni 20,000, andikeni tarehe ya kilichobaki. Wateja wa wiki hii wasuke wote. Kisha rudi hapa uniambie mama alisemaje.