Wageni wanasoma simu, mabango hawasomi: tutengeneze gemu?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi najitolea kutembeza wageni kwenye hifadhi moja ndogo, ina msitu kidogo na magofu ya zamani sana. Vijana wakifika wanapiga selfi mbili tatu pale getini basi wameshamaliza, yale mabango ya historia hakuna anayeyasoma. Mwenzangu anasema tutengeneze gemu ya simu iwaongoze mpaka ndani, ila mzee wetu mmoja kwenye kamati amekataa kabisa, anasema watatembea wameinamisha vichwa na hata ndege mmoja mtini hawatamwona. Tumsikilize nani? Na hela hatuna.

JIBU: Asante kwa swali, limenigusa kweli. Mfuate mwenzako, ila hofu ya mzee iandikeni kwenye karatasi muibandike hapo mnapofanyia kazi, kila mkitunga swali la gemu muisome kwanza.

Unajua, jambo lenyewe sio geni. Mwaka 1854 kule Dartmoor, Uingereza, kulikuwa na mtembeza wageni kama wewe, James Perrott, aliacha chombo sehemu moja ya mbali inaitwa Cranmere Pool ili anayefika aache kadi yake, na watu wakawa wanakata nyika yote ile kwa miguu ili tu nao wawe wamefika. Alafu tarehe 2 Mei 2000 Marekani ikaacha kuivuruga makusudi GPS ya raia, yaani ule mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo, kesho yake tu jamaa mmoja huko Oregon akaficha ndoo ya vitu na kutangaza mahali ilipo kwenye intaneti, ndo ikazaliwa geocaching, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa kwa kutumia GPS, unaochezwa dunia nzima mpaka leo. Kwa hiyo mtu akipewa kitu cha kutafuta anatembea, hilo msiwe na wasiwasi nalo. Kazi ipo kwenye akishafika, anaangalia nini?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Lexington, Massachusetts. Pale ndo vilianzia vita vya uhuru wa Marekani, tarehe 19 Aprili 1775, na mpaka leo haijulikani nani alipiga risasi ya kwanza. Mwaka 2005 mtafiti Karen Schrier akatengeneza gemu ya kuchezea palepale uwanjani, kwa vikompyuta vya mkononi vyenye GPS maana smatifoni hizi hazikuwepo, na kila mchezaji anapewa mtu wa kuwa: mwanamgambo, askari wa Uingereza, mama aliyekuwa upande wa mfalme, au mtu mweusi aliyepigana pamoja na wanamgambo. Sasa mkisimama mbele ya jengo lilelile wewe unaambiwa hivi mwenzako anaambiwa vile, mwisho mnakutana mnabishana nani alifyatua. Ona hapo, hakuna aliyepewa historia ya kumeza, kila mtu ana kipande chake na lazima amtazame mwenzake usoni ili kipande kiungane. Magofu yenu nayo lazima yana swali kama hilo, nani alijenga, kwa nini waliondoka, wazee wanasema hivi na waliochimba wanasema vile. Msifiche huo utata, huo ndo gemu yenyewe.

Kipimo changu ni kimoja: swali likijibika mtu akiwa amekaa nyumbani, lifuteni. "Ukuta huu ulijengwa lini" anagugo sekunde tatu amemaliza. Ila mwambie "hesabu madirisha yaliyozibwa kwa mawe, alafu mwambie mwenzako unadhani waliziba kwa nini", hapo lazima anyanyue kichwa, na mzee wenu atafurahi. Wekeni hata kituo kimoja kinachosema zima skrini, kaa kimya dakika 2, kisha andika ulichosikia.

Kuhusu hela, msikimbilie apu. Anzeni na karatasi, vituo 6 au 7 tu, wapeni watoto na wazee wajaribu huku wewe unatembea nyuma yao bila kusema kitu, utaona wenyewe wanapokwama. Ikishakaa vizuri ndo muihamishie kwenye simu, hata kurasa za kawaida za wavuti zenye msimbo wa QR kila kituo zinatosha. Wageni wadaunlodi kila kitu getini kama netiweki ndani ni mbovu. Na GPS msiiamini sana, ya simu hukosea kama mita 5 hata palipo wazi, chini ya miti inazidi, kwa hiyo usimwambie mtu "hapa hapa", mwambie atafute mti wenye kovu karibu na kisima.

Kitu kingine nakuomba sana, kama kuna makaburi au sehemu watu waliteseka, hapo pasiwe na pointi wala vizawadi. Julai 2016 ilipotoka Pokémon GO, gemu ya simu ya kutembea ukikamata viumbe wa kubuni, watu waliwafuata viumbe hao mpaka ndani ya jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi pale Washington, uongozi ukabidi uwaombe waache kucheza mle. Na vituo vyote vikae kando ya njia, msimtoe mtu njiani akakanyage miche.

SWALI: Na mimi naongezea hapohapo, shule zikileta watoto wengi hawana simu, hao si watakaa pembeni tu?

JIBU: Hapana, na kwa kweli simu moja kwa watoto watatu wanne naiona bora kuliko kila mtu na yake. Mmoja ashike simu, mwingine asome kwa sauti, wengine watafute kwa macho, na kila kituo wabadilishane. Mwenye simu asiruhusiwe kujibu mpaka wenzake wawe wameona kwanza.