Maswali yenu: nataka kufanya kazi ya wanyamapori, watu na ramani, naanzia wapi?

Habari za huko jamani. Leo niko Tanga mjini, mvua imenyesha toka alfajiri na barabara ya kwenda kijijini haipitiki, kwa hiyo nimekaa na maswali yenu ambayo yamerundikana muda mrefu. Kwa wasionijua, kazi yangu ni kuzunguka vijiji vinavyopakana na hifadhi huku kwetu, kuanzia upande wa Pangani mpaka Saadani, nasikiliza watu wanaishije na wanyama, alafu yale wanayosema nayaweka kwenye ramani. Nitajibu kadri nilivyojaliwa.

"Nimemaliza fomu siksi hapa Korogwe, nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Napenda sana uhifadhi ila kila mtu ananiambia bila baiolojia nisahau. Ni kweli?"

Mdogo wangu, kuna ukweli ndani yake lakini wamekukatisha tamaa bure. Digrii ya usimamizi wa wanyamapori, iwe SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, au chuo cha Mweka kule Moshi, mara nyingi baiolojia wataitaka, na hapo usitegemee maneno ya mtaani, chukua mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wa mwaka huu usome mwenyewe mstari kwa mstari. Ila wewe una jiografia, na jiografia ndo mlango mpana kuliko yote kwenye hii kazi. Unaweza kusoma jiografia au sosholojia chuo kikuu, ukaongeza ramani juu yake. Mi mwenyewe nilisoma sosholojia, mambo ya ramani nilijifunza ukubwani, usiku, baada ya kazi. Wenye hesabu nzuri wana njia ya Chuo Kikuu Ardhi, upimaji na jiomatikia. Na asiyetaka digrii kwa sasa asidharau vyuo vya kati, Pasiansi Mwanza kipo, Likuyu Sekamaganga kule Ruvuma wanafundisha uhifadhi wa jamii, na kwa anayependa bahari chuo cha uvuvi cha Mbegani kipo pale Bagamoyo.

"GIS ni kitu gani hasa? Si ni kuchora ramani tu, na Google ishachora kila kitu?"

Google haijui mihogo ya mama fulani imeanzia wapi na imeishia wapi. GIS ni programu inayokuwezesha kupanga vitu tabaka kwa tabaka juu ya eneo moja, mpaka wa hifadhi, mashamba, visima, mapito ya tembo, alafu unaiuliza maswali: shamba hili liko mita ngapi kutoka mpakani, kisima gani kiko kwenye njia ya wanyama, msitu umepungua upande upi.

Na haya maswali yana pesa ya mtu ndani yake. Mnajua tembo akila shamba serikali inatoa kifuta jasho, na mnyama akijeruhi au kuua mtu inatoa kifuta machozi. Kanuni zake zilizotoka 2011 zinaangalia pia umbali wa shamba kutoka kwenye mpaka wa hifadhi. Sasa nisikilize vizuri hapa. Zile ramani zetu za zamani za skeli ya 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali unaoitwa Arc 1960, simu yako na GPS zinatumia WGS 84, na ukichanganya hiyo mifumo miwili bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300. Viwanja vitatu vya mpira kwa urefu.

Hili lilinitokea mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na mpaka niliounakili kutoka ramani ya zamani, nikaweka juu yake pointi za mashamba nilizochukua kwa GPS, na shamba la mama mmoja likaonekana liko ndani ya hifadhi. Nikaenda kumwambia. Hakubishana na mimi yule mama, alinishika mkono tukatembea kwenye umande mpaka kwenye bikoni, lile jiwe la zege lenye namba, akaweka mguu wake juu akanyoosha kidole: hifadhi ile kule, mihogo yangu hii hapa. Nilirudi kwenye gari nikafungua laptopu, kuangalia mfumo wa vipimo, nikaona kosa langu. Ingekuwa nimeshatuma ile ripoti, yule mama angeitwa mvamizi kwa sababu yangu. Mpaka leo sitoi ramani kabla sijaenda kukanyaga bikoni mbili tatu kwa mguu.

"Sayansi ya jamii inaingiaje kwenye wanyama? Tembo hajui sosholojia."

Tembo hajui, lakini anayeamua kama tembo atapita salama ni mtu. Hili nitalijibu kwa kirefu maana ndo moyo wa kazi yenyewe.

Kuna kipindi tulipanga kikao na kina mama wa kijiji kimoja cha pwani, tumeandaa maswali, tumechapisha karatasi, tumefika saa tatu asubuhi kijiji kitupu, wamebaki wazee na watoto. Kumbe siku ile ni bamvua, maji yamekupwa mbali na kina mama wote wako mwambani wanachokoa pweza. Nani angekaa kwenye kikao chetu aache kitoweo na pesa ya siku? Sisi tulikuwa na kalenda ya ofisini, wao wana kalenda ya mwezi wa angani. Tangu siku ile sipangi safari ya pwani bila kuangalia kama ni bamvua au maji mafu, zile siku maji hayapwi sana.

Tukarudi wiki nyingine tukagawa makundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kila kundi lichore kijiji chake. Wanaume walichora bandari ndogo, msikiti, mashamba, njia ya gari ya doria. Wanawake walichora kisima, sehemu za kuni, na bonde moja karibu na mto wanakokata ukindu wa kusukia mikeka. Lile bonde halikuwepo kabisa kwenye ramani ya wanaume. Tulipoziweka pamoja juu ya pointi za viboko tulizopewa na askari, bonde la ukindu liko katikati ya njia ya viboko wanapotoka majini. Kina mama walikuwa wanajua, ndo maana hawaendi kabla jua halijawa kali na hawaendi mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kingine ni namna unavyouliza. Ukishuka kwenye gari lenye picha ya mnyama ukauliza "mnasumbuliwa na nini?" watu watakujibu tembo, maana wanajua umekuja kwa ajili ya tembo. Kaa barazani jioni na kahawa na kashata, usitoe karatasi, utasikia habari ya ngedere wanaowashindisha shambani mchana na nguruwe pori wanaowakesha usiku, miezi ya mahindi. Usiporekodi hilo mradi wako utaleta uzio wa pilipili na oili chafu wa kuzuia tembo kwa watu ambao shida yao ni ngedere.

Na mpaka wenyewe una historia yake. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa 2005, kabla ya hapo sehemu yake ilikuwa pori la akiba, na upande wa Mkwaja kulikuwa na ranchi ya ng'ombe. Kwa hiyo mpaka anaoujua babu sio anaoujua mjukuu, na wote wawili wanakwambia kweli. Ukitaka kuelewa ugomvi wa leo lazima uchore mipaka yote, na ile ya zamani.

Kwa baharini ni hivyo hivyo. Silikanti, yule samaki ambaye dunia iliamini ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, hapa nchini aliletwa nchi kavu na wavuvi, kwenye majarife yao, zile nyavu za papa, kuanzia 2003 na 2004. Hifadhi ya bahari ya silikanti hapa Tanga ikatangazwa 2009. Maarifa yalianzia kwenye ngalawa.

"Sina laptopu, nina simu tu. Naweza kuanza?"

Anza leo. Pakua KoboCollect, inakusanya majibu na pointi za GPS hata pasipo na mtandao, ukifika kwenye bando unatuma. Jifunze kuongeza njia na visima vya mtaa wako kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, bure kabisa. Ukipata laptopu, hata ya mtumba, weka QGIS, programu ya GIS ambayo nayo ni bure na inafanya karibu kila kitu utakachohitaji, ila tafuta yenye RAM ya GB 8, ya GB 4 itakutesa. Picha za setilaiti pia ni bure: Landsat zipo tangu 1972, Sentinel-2 kila kijimraba chake ni mita 10 ardhini, inatosha kabisa kuona mikoko. Fanya kazi moja ndogo mpaka mwisho, mfano mikoko ya mdomo wa Ruvu kwa walioko Bagamoyo, ilikuwaje 2016 na ikoje sasa, alafu nenda ukaitazame kwa macho, ongea na wanaokata nguzo pale. Hiyo karatasi moja itakusaidia kwenye usaili kuliko vyeti vitano vya semina.

"Droni je?"

Nzuri sana, ila bila vibali usirushe, na ndani ya hifadhi ndo kabisa.

"Mi ni mama wa Makorora. Binti yangu anataka hii kazi, nami naogopa, porini huko peke yake na wanaume. Nimruhusu?"

Shikamoo mama. Hofu yako naielewa, mama yangu naye alikuwa nayo, hakulala vizuri mwaka mzima. Nikwambie ilivyo: siku nyingi hatuko porini, tuko vijijini na ofisini, na porini hatuendi bila askari na bila kutoa taarifa. Hatari kubwa kwa binti haitoki kwa simba, inatoka kwenye malazi mabovu na kwa mkubwa wa kazi asiye na adabu. Kwa hiyo akipata nafasi ya fildi, mwambie aulize mapema analala wapi, nani mwingine wa kike yupo, na akipata tatizo anampigia nani. Akijibiwa kwa kuzungushwa asiende, atapata kwingine.

Ila mama, tunamhitaji. Ile ramani ya ukindu niliyoisimulia hapo juu isingechorwa kama kwenye timu yetu kusingekuwa na dada mmoja wa kukaa mkekani na wale kina mama. Mimi nilipowasogelea walianza kuongelea mvua.

"Ajira zipo? Sema ukweli."

Zipo lakini sio nyingi na zinachelewa. Serikalini angalia TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (mapori ya akiba), TFS (misitu), TAWIRI (utafiti wa wanyamapori), hifadhi za bahari, Tume ya matumizi ya ardhi, na usisahau halmashauri, afisa wanyamapori wa wilaya anaonana na wananchi kuliko mtu yeyote. Nyingi zinatangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ukiingia Jeshi la Uhifadhi ujue kuna mafunzo ya kijeshi, jiandae mwili. Mashirika yanalipa vizuri zaidi ila mkataba unaisha na mradi, nimeshawahi kukaa miezi saba bila kazi kati ya mradi na mradi nikaishi kwa kuwachorea watu ramani za viwanja. Kwa hiyo hiyo teknolojia ya ramani ishike vizuri, ndo itakulisha uhifadhi ukikauka, maana vijiji vingi bado vinahitaji mpango wa matumizi bora ya ardhi na kila mpango unahitaji mtu wa ramani anayejua kukaa na watu.

"Mi ni mvuvi. Walikuja watu wa ramani, wakatuuliza tunavua wapi, tukawaonyesha kwa moyo mweupe. Wakaondoka hatukuwaona tena, na ile ramani hatujawahi kuiona. Kwa nini tuwaambie tena nyie?"

Kaka, hili swali limenikaa kifuani siku nzima. Huna sababu ya kutuamini mpaka tukupe sababu, na una haki ya kukataa. Akija mtu mwingine, hata akiwa mimi, mwambie aonyeshe kibali cha utafiti na barua ya halmashauri, apite kwa mwenyekiti wa kijiji, aseme mbele ya watu ramani inakwenda kwa nani na itatumika kwa kazi gani. Mwulize atairudisha lini na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Na mwamba wako wa siri usimpe pointi yake, mpe eneo la jumla, inatosha. Sisi wenyewe pointi za viota vya kasa hatuzitoi hadharani kwa sababu hiyo hiyo, anayetafuta mayai naye anasoma ramani.

Siku hizi kabla ya kupeleka ripoti popote nachapisha ramani kubwa, naitundika sokoni au pale wanapokutana wavuvi, naacha kalamu imefungwa kwa kamba pembeni. Ya mwisho ilikaa siku nne. Nilipokwenda kuichukua nikakuta majina ya miamba mitatu yamekatwa na kuandikwa mengine, njia moja ya ngalawa imeongezwa, na chini kabisa kwa herufi za kutetemeka mtu ameandika jina la kijito ambacho mimi nilikipa namba tu. Nimeyaingiza yote. Ile yenye wino wao haikuja mjini, iko ukutani ofisi ya kijiji, na mwenyekiti ameambiwa amfungulie yeyote anayetaka kuitazama.