Nilinunua eka tatu Bagamoyo mwaka 2015, bado ninazo

Mkuu, umeuliza kama hizi habari za bandari ya Bagamoyo kufufuka zinatosha kukufanya uvunje kibubu uchukue eka tano Zinga. Mimi nilichukua tatu pande hizo hizo, Novemba 2015, na bado ninazo. Si kwamba nazipenda.

Turudi nyuma kidogo. Machi 2013 Rais Xi Jinping alikuja Dar, ikasainiwa mikataba, wa bandari ya Bagamoyo ukiwamo. Zikatajwa dola bilioni 10, wawekezaji wakiwa Wachina wa kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman. Baada ya hapo, kutoka Mapinga hadi Kiromo ukawa huwezi kusimama ukachimba dawa bila dalali kutokea kichakani. Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi, Kikwete akaweka jiwe la msingi. Nililiona jiwe kwenye taarifa ya habari, wiki hiyo hiyo nikaenda benki kuomba mkopo wa mshahara.

Nilipolipa nikapewa karatasi ya mauziano, na nyuma yake zimebanwa kwa pini karatasi nyingine tatu za waliotangulia. Sikuzisoma, nilitafuta mihuri tu. Miaka baadaye ndipo nilizipanga mezani. Mwaka 2011 mzee mwenyeji kauza laki 6 kwa eka. Mwaka 2013 aliyenunua kauza milioni 2. Mwaka 2014 milioni 5. Mimi milioni 9. Kati yetu wote hakuna aliyeng'oa hata kisiki. Hakuna mwenye kiwanda, hakuna mwenye ghala, na huyo Mchina hata jina lake halimo. Ile niliyoiita bei ya bandari ilikuwa bei ya sisi wafanyakazi wa Dar tunauziana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akiamini yupo wa nyuma yake.

Wa nyuma yangu hakutokea. Serikali mpya iliingia na mambo yake, mradi ukawekwa kando. Julai 2016 ikatangazwa kuhamia Dodoma, na dalali wangu naye akahama. Nikimpigia kuhusu shamba ananiambia habari za viwanja vya Ihumwa. Vyuma vikakaza. Kufika Juni 2019 Rais Magufuli akasema hadharani masharti ya wawekezaji wa bandari hayakubaliki: dhamana ya miaka 33, upangishaji wa miaka 99. Hapo hata wabishi wakanyamaza.

Jambo moja nililojifunza kwa uchungu: bei ya ardhi haishuki kama ya nyanya sokoni. Nilitangaza milioni 9, simu kimya. Saba, kimya. Nilipofika nne akapiga mmoja, anataka kulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Lakini ukimuuliza jirani yangu, anakujibu kwa kujiamini kwamba eka ni milioni 10. Hajauza, kwa hiyo hajapata hasara! Mimi benki ilinikata hadi 2020.

Na kuna waliofanya ujanja kuliko mimi, wakanunua ndani kabisa ya eneo lililotengwa kwa uwekezaji wakisubiri fidia. Mthamini hajali ulinunua kwa shilingi ngapi. Anaangalia thamani ya soko, kilichopandwa na kilichojengwa, kisha posho ya usumbufu na nyinginezo. Jamaa yangu mmoja alijaza miembe midogo kama anapanda mchicha. Mthamini hakutokea, miembe imekufa kwa kiangazi.

Kama bado unataka, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na vipimo vya shamba lenyewe, usiende na maneno ya dalali, uone limeangukia wapi kwenye ramani ya mipango. Omba karatasi zote za nyuma, uandike bei zake kwa mwaka. Halafu muulize anayekuuzia alilima nini. Waliojenga Mapinga na Kerege ili wakae wala hawana habari na bandari; wanalalamikia foleni tu.

Yule mzee wa laki 6, kila nikifika namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu. Analima mihogo humo kwa ruhusa yangu na kunitunzia mipaka. Pikipiki aliyonunua kwa hela ya shamba ilishakufa zamani.

Juni 2021, Rais Samia alipotangaza mazungumzo yanafufuliwa, simu iliita siku ya pili. Dalali wangu, yuko Dodoma. "Bosi, lile shamba lipo? Sasa hivi ni 15." Nikamwambia nauza kwa 9, lete mteja. Akasema anamtafuta.

Kwa hiyo, mkuu, angalia vizuri picha ulizotumiwa. Kama shamba lina mihogo na mzee kasimama pembeni na jembe, hilo ni langu.