Maswali ya Wasomaji: Kujituma Katika Mafunzo kwa Vitendo

Hii ni wiki ya tatu na sijapewa kazi yoyote ya maana. Nisubiri hadi lini?

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila linaporudi huja na neno lile lile: "sijapewa". Msimamizi wako ana majukumu yake, na mara nyingi kumtafutia mgeni kazi na kumwelekeza humchukua muda mrefu kuliko kuifanya mwenyewe. Anakuacha ukae kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu anakudharau. Mpunguzie mzigo huo. Chunguza ni shughuli gani katika idara hurudiwa kila wiki na kila mara huchelewa: majalada yasiyopangwa, orodha ya wateja yenye majina yaliyoandikwa mara mbili, mihtasari ya vikao ambayo hakuna anayependa kuiandika. Kisha usimwendee kwa kuuliza kama kuna kazi, kwa maana hapo unamrudishia yeye shughuli ya kufikiri. Mwambie: "Nimeona orodha hii ina majina yanayojirudia, naomba ruhusa niisafishe kwenye nakala, nikuletee Alhamisi uikague." Ombi la namna hiyo lina kazi, mipaka na siku, naye anaweza kulijibu kwa neno moja. Ukiikamilisha siku uliyoahidi, ya pili huenda ukaletewa bila kuomba. Wengi hukwama hapo hapo: huomba kazi tatu, wakamaliza nusu ya moja.

Je, nikae ofisini mpaka usiku ili waione bidii yangu?

Hapana. Kama hakuna kazi inayokuhitaji, nenda ukapumzike.

Nimegundua njia ya haraka zaidi ya kuandaa ripoti ya mwezi. Nianze kuitumia?

Bado. Njia yako huenda ni nzuri, lakini hujajua kwa nini utaratibu wa zamani upo. Safuwima unayoiona haina maana katika jedwali pengine ndiyo mkaguzi wa hesabu huitafuta kwanza. Uliza ripoti hiyo humfikia nani na huitumiaje, kisha mwezi huu iandae kwa njia zote mbili na umwonyeshe msimamizi, bila kuligusa faili la asili. Tena nawaonya nyote, hata ambao hamkuuliza: kuhamishia kumbukumbu za wateja au wagonjwa kwenye simu au baruapepe binafsi ili ukamalizie kazi nyumbani si kujituma. Ni kuvujisha siri za watu, na kunaweza kukatisha mafunzo yako siku hiyo hiyo.

Nilikosea takwimu, nikazirekebisha kimya kimya. Kuna haja ya kusema?

Ipo, tena useme leo, kwa sababu huenda nakala yenye kosa imekwisha kutumwa kwingine. Eleza kosa ni lipi, umerekebisha nini na nani aliipokea.

Nimebakiza siku nne na kitabu changu cha kumbukumbu ni kitupu. Nijazeje wiki nane?

Jaza yale tu unayoweza kuyathibitisha kwa baruapepe na mafaili, na kwa yaliyobaki mweleze msimamizi ukweli. Sitamfundisha mtu kutunga, na inanisikitisha kwamba bado naombwa kufanya hivyo, ilhali dakika kumi kila jioni zingetosha. Waliobaki na muda waandike kwa undani. "Nilisaidia uhasibu" haielezi kitu. "Nililinganisha stakabadhi 60 na taarifa ya benki, nikakuta 2 zisizolingana" humpa la kuandika yule atakayeombwa barua ya mapendekezo.

Silipwi. Kujituma kuishie wapi?

Kuishie pale unapoacha kujifunza na kugeuzwa mfanyakazi asiye na ujira. Pendekezo Na. 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023, linazitaka nchi zihakikishe kwamba mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa mwajiri kwa mpango rasmi, ana mkataba wa maandishi na anapata ujira wa kutosha au fidia nyingine ya fedha. Limeandikwa kwa ajili ya uanagenzi na si kila aina ya mafunzo, nalo haliifungi nchi kama sheria. Hata hivyo naona ni kipimo cha haki ambacho kila mwajiri angepaswa kujipimia. Kama kwa mwezi mzima umeziba pengo la mfanyakazi aliyeondoka, bila mtu wa kukuelekeza, mwandikie mratibu wa mafunzo chuoni kwako, utaje kazi na tarehe, na uambatanishe kurasa za kitabu chako cha kumbukumbu.