Shati jeusi dukani, bluu juani

Umeuliza kwa nini shati uliloliona jeusi dukani limekuwa bluu iliyokolea ulipotoka nalo juani, na kama umepigwa. Hujapigwa mkuu, shati ni lile lile, kilichobadilika ni mwanga. Iko hivi, mwanga wa jua una rangi zote ndani yake, zenye mawimbi ya urefu wa kama nanomita 400 mpaka 700 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), sasa kemikali za rangi kwenye kitambaa zinameza baadhi na kurudisha zingine, hizo zinazorudi machoni ndo unaziita rangi ya shati. Lako linameza karibu zote linarudisha bluu kidogo tu, na taa za njano kama za dukani zina bluu kiduchu, kwa hiyo hakuna cha kurudisha, unaona jeusi! Ukibisha chukua kitu chekundu kabisa ukimulike gizani kwa taa ya kijani tupu, kitakuwa kama cheusi maana kijani chote kimemezwa. Siku nyingine sogea na nguo mpaka mlangoni uiangalie kwa mwanga wa mchana, na kama unataka iendane na suruali beba zote mbili, zinaweza kufanana vizuri tu kwenye taa halafu zikaachana juani.