Kabla hujafungua akaunti, uliza ile ya masharti nafuu

Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka shangazi yangu benki, tumekaa foleni tangu asubuhi, tunafika dirishani anaambiwa alete bili ya umeme yenye jina lake. Nyumba anayokaa mita ina jina la marehemu baba mkwe wake, sasa hiyo bili aitoe wapi? Tukarudi nyumbani. Nilimkasirikia sana yule dada wa kaunta ila baadae nikaelewa na yeye anafuata masharti aliyowekewa, na masharti yenyewe yanatoka juu kabisa, kwa serikali na benki kuu.

Kwa hiyo ukifika pale usiseme tu nataka akaunti, uliza kama wana akaunti ya ngazi ya chini. Nchi nyingi zinazoendelea zinaruhusu mtu afungue kwa nyaraka chache halafu anawekewa kikomo cha salio na miamala, Nigeria waliweka utaratibu wa ngazi 3 mwaka 2013, India nao 2014 wakaja na mpango wa akaunti wa serikali unaoitwa Jan Dhan ambao haudai salio la kuanzia na kufikia 2023 akaunti zilishapita milioni 500. Mhudumu mara nyingi hakutajii maana benki haivuni kitu hapo. Itaje wewe. Tuliporudi mara ya pili nikaitaja, yule dada akainuka kwenda kumuuliza bosi wake, akarudi na fomu ya ukurasa mmoja.

Furaha ikaishia kwenye mashine ya vidole. Shangazi amelima maisha yake yote, ncha za vidole zimesuguika mpaka mistari haionekani, akaweka gumba ikagoma, cha shahada ikagoma, watu nyuma wameanza kuguna na yeye anazidi kufuta mkono kwenye kanga kama vile kosa ni lake. Kilichokubali ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Iliniuma, na mpaka leo naamini serikali inayotegemea alama za vidole bila kuweka njia nyingine inawafungia mlango walewale waliochoka kwa kazi. Ukiwa na mzee, mpake mafuta kidogo mikononi kabla ya kwenda, vijaribiwe vidole vyote kumi, na usikubali kuondoka kwa jibu la "mashine imekataa" tu, waambie wakuonyeshe njia mbadala.

Kingine ni makato, na hapa usiangalie kuweka, angalia kutoa. Serikali zikibanwa na bajeti zinakimbilia kutoza kodi miamala ya simu, Uganda 2018 walianza na kodi ya 1% kelele zikawa nyingi wakashusha mpaka 0.5% kwenye kutoa pesa, Tanzania wakaleta tozo Julai 2021 na Septemba tu wakaipunguza kwa 30%, Ghana wakaanza na 1.5% mwaka 2022 ila 2025 wakaifuta kabisa. Brazil wao benki kuu yenyewe ilileta Pix, mfumo wa kutumiana pesa papo hapo, mwaka 2020 na mtu binafsi kutuma pesa ni bure. Kwa hiyo piga hesabu ya safari nzima ya hela yako, na kama unaweza kumlipa mtu moja kwa moja kwa simu usitoe keshi.

Halafu kuna hili la akaunti kulala, watu wengi hawalijui. Benki ya Dunia inasema watu wazima wenye akaunti walitoka 51% mwaka 2011 wakafika 76% mwaka 2021, ni hatua kubwa kweli, lakini humo kwenye hesabu kuna na akaunti ambazo hazijaguswa miezi na miezi. Ya shangazi ilikuwa mojawapo. Alisubiri mavuno ndo aweke, kwenda akakuta imefungwa na kile kidogo alichoacha kimeliwa na ada ambayo hakuna aliyemtajia. Uliza mapema italala baada ya muda gani, weka hata kidogo kila mwezi, na ukikatwa usilalamike kwa mdomo. Tuliandika barua, tukadai namba ya lalamiko, tukawaambia tukikaa bila jibu tunaipeleka benki kuu. Wiki ya pili wakapiga simu, hela ikarudishwa na akaunti ikafunguliwa.